Mbao Ndogo, Meza Pana: Sayansi ya Kugundisha Uso wa Meza ya Kazi

Seremala hana budi kuwa na meza ya kazi kabla ya kuwa na chombo kingine chochote kikubwa. Randa haiwezi kunyoosha ubao unaochezacheza, na patasi haiwezi kuchonga tundu lililo sawa juu ya kipande kinachotikisika. Tangu Januari 1974 hadi leo, shule nyingi zimefunguliwa nchini, na tangu Januari 2024 baadhi ya shule za sekondari zimeanza kufundisha mkondo wa amali kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Shule nyingi kati ya hizo zina walimu na zina wanafunzi wenye hamu, lakini hazina meza ambayo juu yake kazi yenyewe itafanyika.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uso wa meza ya namna hiyo unavyoweza kutengenezwa nyumbani au shuleni kwa kuunganisha vipande vyembamba vya mbao kwa gundi. Mifano yetu tutaichukua Njoro, kata mojawapo ya Manispaa ya Moshi, na katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro iliyo juu yake. Hata hivyo hatutaridhika na kueleza mikono ifanye nini. Kila hatua ya kazi hii ina sababu yake katika fizikia, kemia au bayolojia, na mwanafunzi anayeijua sababu ataweza kubadili vipimo na aina ya mbao bila kuharibu kazi.

Kwa nini tusitumie ubao mmoja mpana?

Swali hili ni la haki. Wazee wetu walipotaka meza imara walitafuta mti mkubwa, wakaupasua, wakapata mbao pana zenye unene wa kutosha. Katika Kilimanjaro mti uliosifiwa sana kwa kazi hizo ulikuwa mkulo, ambao wataalamu huuita Ocotea usambarensis, pamoja na loliondo, podo na mringaringa. Mingi ya miti hiyo hukua polepole, na mkulo hasa ni mti wa msitu wa asili unaopata mvua nyingi katika miteremko ya kusini ya mlima.

Hali ya msitu huo yajulikana. Mwaka 1984 Serikali ilipiga marufuku uvunaji wa miti ya asili katika msitu wa Kilimanjaro. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 bado ulikuta maelfu ya mikulo iliyokatwa kinyume cha sheria. Mwaka 2005 eneo la msitu wa hifadhi liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Msitu huo ndio unaoshika mvua na kulisha mito na chemchemi zinazotumiwa na watu wa tambarare, zikiwemo zile za Njoro ambazo maji yake hutumika hata katika kilimo cha mpunga cha Moshi Chini. Kwa hiyo anayedai ubao mpana wa mkulo kwa ajili ya meza yake, pengine bila kujua, anadai sehemu ya maji ya jirani yake.

Kwa upande mwingine, mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai hutoa mbao za saipresi na msindano, na katika vihamba vya kahawa na migomba wakulima wengi wamepanda migrevilea, mti ulioletwa kutoka Australia. Miti hii huvunwa ingali michanga ikilinganishwa na miti ya msituni. Shina lake si nene, na mbao zake huwa nyembamba, zenye vifundo vingi, na mara nyingi zina moyo wa mti katikati. Ubao mpana wa aina hiyo ukiukausha utapinda au utapasuka. Lakini ubao huo huo ukichanwa vipande vyembamba, vikapangwa upya na kugundishwa, waweza kutoa uso wa meza unaotulia kuliko ubao mmoja mpana wa mti mkubwa.

Moshi si mgeni katika elimu hii. Uchunguzi wa mbao za Tanzania umefanywa hapo kwa miaka mingi, na kitabu kinachoeleza mbao za biashara za nchi hii kilichotungwa na J. M. Bryce kilitolewa mwaka 1967 na idara ya matumizi ya mbao iliyokuwa Moshi. Chuo cha Viwanda vya Misitu kilianzishwa mjini humo mwaka 1975. Ufundi wa kugundisha mbao nao si jambo la jana: mwaka 1906 Mjerumani Otto Hetzer alipata hataza ya kutengeneza nguzo na boriti zilizopinda kwa tabaka za mbao zilizogundishwa, na tangu hapo boriti za namna hiyo zimebeba mapaa ya vituo vya reli, makanisa na viwanja vya michezo katika nchi nyingi.

Mbao na maji

Ubao umejengwa kwa seli ndefu zilizolala kufuata urefu wa shina, mfano wa mirija iliyofungwa pamoja katika mganda. Kuta za seli hizo ni selulosi na lignini. Mti unapokatwa, maji yamo mahali pawili: ndani ya mashimo ya seli, na ndani ya kuta zenyewe. Maji ya mashimo hutoka kwanza, na kutoka kwake hakubadili ukubwa wa ubao. Unyevu unapofikia kiasi cha asilimia 28 hadi 30 ya uzito wa ubao mkavu, mashimo huwa matupu lakini kuta bado zimeshiba. Kuanzia hapo kila tone linalotoka hutoka ndani ya kuta, nazo husinyaa. Hiyo ndiyo asili ya kupinda na kupasuka.

Jambo la pili ni kwamba ubao hausinyai sawasawa kila upande. Tutaje pande tatu:

(a) Upande wa urefu, yaani kufuata nyuzi. Hapa kusinyaa ni kudogo mno, kwa kawaida sehemu 1 hadi 3 tu katika 1,000.

(b) Upande wa nusukipenyo, yaani kutoka moyo wa mti kuelekea kwenye ganda. Kwa mbao nyingi kusinyaa huwa asilimia 3 hadi 5.

(c) Upande wa mzingo, yaani kufuata duara za ukuaji. Hapa kusinyaa huwa karibu mara mbili ya (b), yaani asilimia 5 hadi 10.

Vipimo hivi ni vya kutoka hali ya kushiba hadi ukavu kamili. Ubao uliomo chumbani haufiki ukavu kamili, kwa sababu hufyonza unyevu wa hewa mpaka ulingane nao. Katika joto la sentigredi 25 hivi, hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huupa ubao unyevu wa asilimia 9. Hewa ya asilimia 65 huupa asilimia 12. Na hewa ya asilimia 80 huupa asilimia 16. Kwa hiyo meza hiyo hiyo itanenepa wakati wa masika, Machi hadi Mei, na itakonda wakati wa kiangazi. Hakuna rangi wala vanishi inayoweza kuzuia jambo hili kabisa. Huweza tu kulichelewesha.

Hila ya kugeuza ubao

Sasa tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme tuna uso wa meza wenye upana wa milimita 600, na mbao zake zimelala kama zilivyotoka kwenye msumeno, duara za ukuaji zikiwa sambamba na uso. Upana wa meza basi utafuata upande wa mzingo. Tukichukua mbao zinazosinyaa asilimia 6 kwa upande huo, na tukigawa kwa 30, tunapata badiliko la asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu. Unyevu ukishuka kutoka 14 hadi 10, yaani nukta 4, badiliko litakuwa:

600 × 0.002 × 4 = milimita 4.8

Tuzichane sasa mbao hizo hizo kuwa papi, na kila papi tuisimamishe kwa ubavu wake. Ule uliokuwa unene wa ubao umekuwa sehemu ya upana wa meza, na unene wa ubao wa namna hii hufuata upande wa nusukipenyo. Badiliko kwa kila asilimia ya unyevu huwa nusu, yaani asilimia 0.1, na hesabu yetu inakuwa:

600 × 0.001 × 4 = milimita 2.4

Kwa kugeuza tu vipande, bila kununua ubao mwingine, tumepunguza mchezo wa meza kwa nusu. Isitoshe, ubao uliolala hupinda kama kigae kwa sababu uso wake wa juu na wa chini husinyaa kwa kiasi tofauti. Papi iliyosimama haina sababu hiyo ya kupinda. Hii ndiyo siri kubwa ya meza za namna hii, na fundi asiyeijua aweza kugundisha vizuri sana na bado akapata uso usiotulia.

Faida ya tatu yahusu vifundo. Katika ubao mpana kifundo kimoja kikubwa huweza kudhoofisha meza nzima mahali pamoja. Katika uso wa papi 14 kifundo hukaa katika papi moja, na majirani zake wawili huubeba mzigo. Kasoro hazikuondoka, ila zimetawanywa.

Vipimo na vifaa

Tupange uso wenye urefu wa mita 1.8, upana wa milimita 600 hivi, na unene wa milimita 70. Twahitaji mbao 7 za saipresi, kila moja ikiwa na unene wa milimita 50, upana wa milimita 150 na urefu wa mita 1.9. Hizi ndizo mafundi huziita mbao za mbili kwa sita. Kila ubao unachanwa katikati. Msumeno hula milimita 3 hivi, basi kila nusu hubaki na milimita 73. Unene nao, baada ya kupigwa randa pande zote mbili, hubaki milimita 44. Tutapata papi 14, na 14 × 44 = milimita 616.

Mbao tulizonunua zina ujazo wa karibu mita 0.1 za ujazo, na uso uliokamilika una mita 0.078. Kwa kadiri ya kilo 450 kwa kila mita ya ujazo, uso huu utakuwa na uzito wa kilo 35 hivi. Uzito huo ni rafiki wa seremala, kwa maana meza nyepesi hukimbia mbele ya randa.

Unene nao una maana kubwa. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene. Tukilinganisha uso wa milimita 70 na ubao wa milimita 25 wenye upana na urefu ule ule, tunapata (70 ÷ 25) katika kipeo cha tatu, yaani karibu mara 22. Ndiyo sababu meza iliyotengenezwa kwa ubao wa inchi moja hurukaruka chini ya nyundo, na nguvu za mfundi hupotea katika kuitikisa meza badala ya kuingia kwenye kazi.

Vifaa vinavyohitajika ni msumeno, randa ndefu na fupi, pembe mraba, rula ya chuma iliyonyooka, brashi, gundi, na klempu au kabari.

Kukausha na kupima unyevu

Usigundishe mbao mbichi. Zipange juu ya vijiti vyenye unene sawa, chini ya paa, mahali penye upepo lakini pasipo jua kali, na vijiti vya kila tabaka vikae wima juu ya vijiti vya tabaka la chini. Ncha za mbao zipakwe rangi nzito au nta, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi nchani na hapo ndipo nyufa huanzia.

Utajuaje kwamba zimekauka? Njia ya kwanza ni ya subira: pima ubao mmoja kila juma kwa mizani. Uzito unapoacha kupungua kwa majuma mawili au matatu mfululizo, ubao umelingana na hewa ya mahali pako. Njia ya pili yafaa maabara ya shule. Kata kipande mbali na ncha, kipime, kisha kikaushe katika tanuri yenye joto la sentigredi 103 mpaka uzito usibadilike, kwa kawaida saa 24. Halafu tumia kanuni hii:

Unyevu = (uzito wa kwanza − uzito mkavu) ÷ uzito mkavu × 100

Kipande cha gramu 112 kikibaki gramu 100, unyevu ni asilimia 12, nao wafaa kwa kazi yetu. Angalia kwamba tunagawa kwa uzito mkavu, si uzito wa kwanza. Ndiyo maana ubao mbichi waweza kuwa na unyevu unaozidi asilimia 100.

La muhimu kuliko tarakimu yenyewe ni kwamba papi zote ziwe na unyevu unaokaribiana. Papi moja mbichi kati ya kumi na tatu kavu itasinyaa peke yake, na mahali pake patakuwa bonde.

Gundi inashikaje?

Watu wengi hudhani kwamba gundi hushika kama msumari mdogo unaoingia katika vitundu vya mbao. Ni kweli gundi hupenya kidogo katika seli zilizokatwa, lakini sehemu kubwa ya nguvu zake hutokana na mvutano baina ya molekuli za gundi na molekuli za selulosi. Mvutano huo hufanya kazi kwa umbali mfupi mno. Kwa sababu hiyo nyuso mbili lazima zigusane kwa karibu sana, na lazima ziwe safi.

Gundi inayopatikana madukani kwa urahisi ni ile nyeupe ya seremala, ambayo kiini chake ni polivinili asetati. Dutu hii iligunduliwa na Mjerumani Fritz Klatte mwaka 1912. Katika chupa, chembe zake ndogo zimeelea ndani ya maji. Maji yanapofyonzwa na mbao, chembe husongamana na kuungana kuwa utando mmoja. Gundi hii haina sumu kali na husafishwa kwa maji, lakini haipendi kulowa wala joto kali. Yafaa kwa meza ya ndani, haifai kwa boriti ya paa. Gundi za yurea-formaldehidi hustahimili zaidi, lakini hutoa mvuke wa formaldehidi, ambao shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliutambua mwaka 2004 kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Kwa shule twashauri gundi nyeupe.

Hali ya hewa ya Kilimanjaro inafundisha jambo hapa. Mjini Moshi wakati wa joto, Januari na Februari, gundi huanza kukauka dakika chache baada ya kupakwa. Fundi afanye kazi alfajiri, na asipake viungo vingi kwa mara moja. Katika shule zilizoko juu mlimani, asubuhi za Juni na Julai huwa baridi, na ubaridi wa chini ya sentigredi 10 hivi huzuia chembe zisiungane. Kiungo kikikauka kikiwa cheupe kama chokaa badala ya kuwa angavu, hakina nguvu. Huko kazi ingoje mchana.

Kazi yenyewe

1. Panga papi zote mezani au sakafuni. Geuza kila moja ili upande mzuri uwe juu, na nyuzi zote zielekee upande mmoja, ili randa isije ikararua papi moja inapolainisha nyingine. Tia alama ya pembetatu kubwa inayopita juu ya papi zote. Pembetatu hiyo itakuonyesha daima utaratibu wake.

2. Piga randa nyuso zitakazokutana. Weka papi mbili pamoja bila gundi na utazame dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya, rudia. Usitegemee klempu kuziba uwazi, kwa sababu kiungo kilicholazimishwa kitadai uhuru wake siku moja. Gundisha siku ile ile uliyopiga randa, kwani saipresi na msindano hutoa mafuta na utomvu unaotambaa juu ya uso mpya.

3. Gawa papi katika makundi matatu: 5, 5 na 4. Kila kundi ligundishwe peke yake, kisha makundi matatu yaunganishwe kwa viungo viwili. Kwa njia hii hutapaka viungo 13 kwa pupa.

4. Paka gundi kwa brashi, utando mwembamba usioacha mahali pakavu. Eneo la viungo vyote ni 13 × 1.8 × 0.073, yaani mita za eneo 1.7. Kwa gramu 200 kwa kila mita ya eneo, gundi itakayotumika ni gramu 340 hivi. Nunua nusu kilo.

5. Bana. Tukitaka mgandamizo wa niutoni 0.5 kwa kila milimita ya eneo, kiungo kimoja chenye eneo la milimita 131,000 chahitaji kani ya niutoni 65,000 hivi, sawa na uzito wa tani 6 na nusu. Klempu moja haiwezi, lakini klempu tisa zilizopangwa kila baada ya sentimita 20 zaweza, kwa kuwa kila moja itachukua niutoni 7,000 hivi. Weka nusu chini na nusu juu ili uso usipinde. Shanga ndogo za gundi zikitokeza katika urefu wote wa kiungo, inatosha.

6. Acha usiku kucha, na usipige randa kabla ya siku kadhaa. Maji ya gundi huvimbisha mbao kandokando ya kiungo. Ukilainisha mapema, sehemu hizo zitasinyaa baadaye na kuacha vijifereji.

Asiye na klempu

Klempu tisa ndefu ni mali nyingi kwa shule au fundi anayeanza. Kabari zaweza kushika nafasi yake. Chukua papi ngumu yenye urefu wa mita moja, na karibu na kila ncha yake funga kizuizi kwa bolti. Papi za meza ziingie kati ya vizuizi, na katika nafasi iliyobaki chomeka kabari mbili zinazoelekeana, uzigonge kwa zamu. Tengeneza fremu tisa za namna hii. Karatasi ya gazeti ikae kati ya fremu na gundi.

Kabari ni mteremko unaotembea. Kabari ya urefu wa milimita 200 inayopanda milimita 20 ina uwiano wa 1 kwa 10. Kama kusingekuwa na msuguano, kani yetu ingezidishwa mara 10. Msuguano hupunguza sana faida hiyo, lakini msuguano huo huo ndio unaoizuia kabari isirudi nyuma tukiiacha: pembe ya mteremko ni nyuzi 6 hivi, na mbao kavu juu ya mbao kavu huanza kuteleza katika pembe kubwa zaidi. Mwalimu wa fizikia asiukose mfano huu, ambamo msuguano ni hasara na faida kwa wakati mmoja.

Kufunga uso na kuutunza

Uso ukishakauka, upige randa kwa mshazari kwanza, kisha kwa urefu, ukipima kwa rula iliyonyooka. Unapoufunga kwenye miguu, kumbuka kwamba utapanuka na kusinyaa. Tundu za bolti katika fremu ya miguu ziwe ndefu kidogo kuelekea upana wa meza, zikiacha nafasi ya milimita 3 au 4 kila upande. Anayefunga kila kona kwa misumari mirefu atakuta ufa katika kiangazi cha kwanza, na atailaumu gundi bila haki.

Paka mafuta ya mbegu za kitani juu na chini kwa kiasi kimoja, ili pande zote mbili zifyonze unyevu kwa mwendo sawa. Hapa pana hatari ya kutajwa wazi. Mafuta haya hukauka kwa kuungana na oksijeni, na tendo hilo hutoa joto. Vitambaa vilivyolowa mafuta vikirundikwa pembeni vyaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vilowekwe majini. Vumbi la mbao nalo si la kudharauliwa: lilithibitishwa mwaka 1995 kuwa chanzo cha saratani ya pua. Funika pua na mdomo, na fanya kazi penye hewa.

Majaribio mawili ya darasani

Jaribio la kwanza: Gundisha vipande viwili vidogo vya saipresi, vingoje siku mbili, kisha vitenganishe kwa patasi na nyundo. Tazama mahali palipovunjika. Nyuzi za mbao zikiwa zimeng'oka na kubaki juu ya gundi, kiungo kilikuwa na nguvu kuliko mbao. Uso wa gundi ukiwa mtupu na laini, tafuta sababu: uchafu, unyevu, ubaridi, au gundi iliyokauka kabla ya kubanwa.

Jaribio la pili: Chukua fito mbili bapa zinazolingana. Zilaze moja juu ya nyingine bila gundi, zikiegemea matofali mawili yenye nafasi ya sentimita 60. Ning'iniza gramu 500 katikati na upime kiasi cha kupinda. Kisha zigundishe, zingoje zikauke, urudie. Kwa nadharia, fito zisizogundishwa hupinda mara 4 zaidi, kwa sababu huteleza moja juu ya nyingine. Gundi huondoa mtelezo huo na kuzifanya mbili kuwa moja. Boriti za Hetzer zilisimama kwa kanuni hii.

Hitimisho

Uso wa meza tulioueleza hauhitaji mti wa miaka mia. Wahitaji mbao saba za shambani, nusu kilo ya gundi, kabari zilizochongwa kwa mkono, na siku chache za subira. Shule inayoweza kutengeneza meza yake ya kwanza itaitumia meza hiyo kutengeneza ya pili, na ya tatu, na hatimaye viti, rafu na masanduku ya maabara. Mikulo iliyobaki katika miteremko ya juu iachwe isimame, iendelee kushika mvua.

Maswali kwa wanafunzi

1. Ikiwa uso wa meza una upana wa milimita 616, na unyevu wake unapanda kutoka asilimia 9 hadi 16, utapanuka kwa kiasi gani papi zikisimama kwa ubavu? Je, zikilala?

2. Nusu ya gramu 340 za gundi ni maji. Maji hayo yakienea sawasawa katika uso wa kilo 35, unyevu wake utapanda kwa kiasi gani? Kwa nini basi tungoje siku kadhaa kabla ya kupiga randa?

3. Katika uso wetu papi zimesimama kando kwa kando, si moja juu ya nyingine. Eleza kazi ya gundi hapa inatofautianaje na kazi yake katika jaribio la pili.

4. Taja miti mitatu iliyopandwa karibu na shule yako. Pima unyevu na uzito wa mbao zake, ueleze ni upi ungeuchagua kwa meza ya kazi, na kwa nini.